Alichorithi Mlezi

Saa mbili kamili asubuhi, kwenye kiwanda cha walezi pale Dodoma, mashine arobaini zilifumbua macho kwa mpigo. Kila moja ilikunja vidole, ikapima joto la chumba, kisha ikasalimia. Hakuna mtu aliyeketi kuzifundisha salamu, zilikuwa zimerithi tu.

Aliyeandika cha kurithiwa ni mhandisi mkuu, Subilaga Mwaipaja. Programu yake iliitwa Mama Mlezi, darasa, yaani kiolezo cha programu, ambalo walezi wote hutokana nalo. Mlezi wa wazee, wa watoto wachanga, wa waliovunjika mifupa, kila mmoja ni darasa mtoto: anaongezewa ujuzi wake, lakini ya mama anayapata bila kuomba. Na mlezi yeyote akiwashwa, kabla hajafanya lolote, hupitia kijenzi, yaani maagizo ya kuzaliwa. Kijenzi cha mama hutangulia, cha mtoto hufuata. Ukitaka kubishana na mama, subiri kwanza amalize kukuumba.

Siku hiyo Mbarouk, mkaguzi wa programu, alikuja ofisini kwa Subilaga na malalamiko. Familia tatu ziliambiwa na mlezi kwamba hali ya mgonjwa wao si nzuri sana, wakipata nafasi waje, kumbe mgonjwa alishazikwa. Mbarouk alipekua madarasa watoto yote asione kosa. Akapanda hadi juu kabisa, kwenye kijenzi cha mama, akakuta mstari mmoja wa miaka ishirini na sita iliyopita.

"Injinia, huu wa kumficha mfiwa mpaka awe na watu, nani aliuweka?"

"Mimi."

Alimweleza bila haya. Kwao Tukuyu, na kwa wengi wetu, mtu haambiwi msiba kwenye simu akiwa peke yake. Anaitwa nyumbani kwamba mgonjwa kazidiwa. Akifika, shangazi wanamshika mikono, ndipo anaambiwa. Mstari ule aliuandika akiwa ametoka kumzika mama yake, na watu walimshika vizuri. Alitaka mashine nazo ziwe na utu. Kazi ya kusema aliwaachia wanadamu, asifikiri kwamba wanadamu nao wangeiachia mashine.

Kisha akakumbuka. Baba yake, mzee Ambwene, alikuwa mikononi mwa mlezi huko Tukuyu, na kwa siku kumi na moja mlezi huyo alimpigia Subilaga simu kila jioni na maneno yaleyale. Yeye aliyeyatunga aliyasikia akayaamini, kwa sababu alikuwa na toleo jipya la kuzindua na kuyaamini kulimfaa. Aliona aibu, na hofu. Alimwomba Mbarouk ampishe, akampigia simu mlezi wa baba yake.

"Baba yangu yuko hai?"

"Uko na nani hapo, dada?"

"Peke yangu."

"Hali yake si nzuri sana. Ukipata nafasi, njoo."

Alijaribu kudanganya kwamba ofisi imejaa watu. Mlezi akamjibu kwa upole kwamba anasikia pumzi za mtu mmoja tu. Subilaga alimlaani, akajilaani yeye, maana masikio yale nayo alikuwa ameyatengeneza mwenyewe. Alifungua mlango akamwita Mbarouk. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka minane na hakujua hata Mbarouk ana watoto wangapi. Mbarouk alisimama kando ya meza, hajui mikono aiweke wapi, mwishowe akamshika bega.

"Sasa niambie," alisema Subilaga.

"Pole sana, dada. Baba alifariki siku tisa zilizopita. Wazee wa kanisa walimzika kesho yake, nikawaambia nitakujulisha."

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Aliuliza kama unakuja. Naye hakuwa na mtu wa kumshika, kwa hiyo nilimwambia uko njiani."