Jina la Kusakabe

"Iwamuro Chizuru! Bi Iwamuro, dirisha la tatu!"

Chizuru alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya manispaa ya Sanjo, theluji bado haijayeyuka mabegani mwa koti lake. Hakuinuka. Yeye ni Kusakabe. Karani aliita tena, safari hii akimkazia macho.

"Dada, ni wewe. Cheti chako cha familia hiki hapa."

"Mmekosea. Mimi ni Kusakabe. Mume wangu ndiye aliyechukua jina langu."

Karani akashusha sauti. "Hapana, dada. Kwenye fomu ya ndoa alama imewekwa kwenye jina la mume. Una siku kumi na mbili sasa ukiwa Iwamuro."

Chizuru akakichukua cheti, akasoma jina lake mara mbili.

Sheria ya nchi haitaki majina mawili ya ukoo ndani ya ndoa moja; lazima mmoja alizike lake. Na jina la Kusakabe lilikuwa limegongwa kwenye kila mkasi wa bustani uliotoka katika karakana yao kwa vizazi vinne. Baba yake hakuwa na mtoto mwingine. Wachumba wawili walishamkimbia Chizuru kwa sababu hiyohiyo. "Niitwe kwa jina la mke? Watu watanicheka!"

Takehiro hakukimbia. Walijaza fomu pembeni ya kitanda cha baba yake, aliyelazwa hospitalini, wote wakasaini, kisanduku cha jina kikabaki kitupu.

"Hicho nitakijaza mbele ya karani," Takehiro alisema siku ile. "Nataka aone kwa macho yake mwanamume akichagua jina la mkewe."

Mzee Kusakabe alilia kwa furaha. Chizuru akabaki naye, Takehiro akaipeleka fomu peke yake.

Chizuru akatoa simu, akamwandikia mumewe.

*"Uko wapi?"*

*"Ofisi ya kampeni, mpenzi. Kuna nini?"*

*"Nakuja."*

Alimkuta katikati ya vijana wa kampeni. Ukutani picha yake ilitabasamu, chini yake maandishi makubwa: WANAWAKE WAPEWE NAFASI, VIJANA WARUDI NYUMBANI.

"Jamani, mke wa mheshimiwa mtarajiwa!" mmoja akashangilia.

Chizuru akampita. Akamvuta mumewe mpaka chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Takehiro, mimi naitwa nani?"

"Swali gani hilo, mpenzi?"

Akamwekea cheti mbele. Takehiro akasoma, uso ukamsawijika.

"Nilitaka kukwambia, Chizu."

"Lini? Baba akishazikwa?"

"Mwenyekiti wa chama aliniita asubuhi ileile ya kupeleka fomu. Akaniambia mwanaume aliyemezwa na ukweni hapewi nafasi ya kugombea. Wapiga kura wetu ni wazee, Chizu. Vijana wamehamia Tokyo wote. Ningefanyaje?"

"Ukaona bora amezwe mke."

"Ni alama tu kwenye kisanduku! Karakanani endelea kujiita Kusakabe, nani atakuuliza?"

"Kama ni alama tu, si ungeiweka kwangu?"

Nje wale vijana walikuwa wanajaribu kipaza sauti.

"Uchaguzi upite kwanza," Takehiro alisema. "Nikiingia bungeni nitapigania sheria ibadilike, kila mtu abaki na jina lake. Nakuapia!"

"Utaibadilisha vipi, na waliokubeba ndio wasiotaka ibadilike?"

"Chizu, bado unanipenda?"

"Nakupenda. Ndicho kinachoniua."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi nyingine. Fomu ya talaka. Alikuwa ameiomba kwa karani yuleyule, kisha akapitia karakanani.

"Njia ya kulirudisha jina langu bila mahakama ni hii moja. Fundi wangu mkuu ameshasaini kama shahidi. Bado wewe, na shahidi wa pili."

"Zimebaki siku tisa kufika uchaguzi! Utaniangamiza!"

"Sitamwambia mtu. Waambie namuuguza baba, na si uongo. Lakini usiposaini, nakwenda polisi nawaeleza ulivyoijaza ile fomu. Chagua."

Takehiro akapiga magoti. Alilia kweli, machozi ya mtu anayependa na asiye na uti wa mgongo. Mwishowe akasaini.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Takehiro, Bi Fumie, alisimama na birika la chai mkononi. Kuta zilikuwa mbao nyembamba, alisikia yote.

"Anatakiwa shahidi wa pili, sivyo?"

"Mama! Si wewe mama yangu?"

"Ni mimi. Hilo shati ulilovaa nimelipiga pasi mimi leo asubuhi." Akaweka birika chini. "Lakini kabla sijawa mama yako nilikuwa mfamasia Hatakeyama. Nilipoolewa, kibao cha jina langu kikang'olewa mlangoni pa duka. Hakuna aliyeniuliza. Mwenzangu huyu mlimuuliza, akajibu, halafu wewe ukamfutia jibu lake."

Akachukua kalamu.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Chizuru, si Takehiro. Akasaini.

Jumatatu baada ya uchaguzi, Chizuru alikuwa hospitalini akimlisha baba yake uji wa mchele. Mzee alikuwa hajaambiwa kitu. Simu ikaita.

"Chizu, nimeshinda." Nyuma yake watu walikuwa wakipiga kelele za shangwe. "Nimesimama jukwaani peke yangu. Hata furaha yenyewe siisikii. Rudi. Tuoane upya, safari hii nachukua jina lako."

"Leo?"

"Leo haiwezekani... Nikishaapishwa. Mambo yakitulia kidogo."

Chizuru akacheka, kicheko kikavu kilichomtoka na machozi.

"Hongera, mheshimiwa."

Akakata. Baba yake alikuwa anamtazama, kijiko kimebaki hewani.

"Nani huyo, mwanangu?"

"Mbunge wetu, baba."

Uso wa mzee ukang'aa. "Mkwe wangu! Kashinda! Mbona hujamwambia aje tule?"

"Si mkwe wako tena, baba. Ni mbunge tu."

Akaweka bakuli pembeni, akavuta kiti karibu na kitanda, akaushika ule mkono uliokonda, akaanza kumweleza.