Sauti Iliyoajiriwa Mara Tano

Mwalimu Bhoyar alilala kichwa chini miguu juu, kwenye ngazi za chuo chake mwenyewe, tai imemkaba shingoni kama mtu anayekwenda kusailiwa ahera.

Inspekta Sulbha Wankhede alipanda taratibu, kiganja ukutani. Jua la Mei la Nagpur, India, lilishaanza kuuma, na watu hata chai ya asubuhi hawajamaliza. Magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda ngazi za marehemu.

"Ameanguka?" akauliza.

"Amesukumwa," akajibu daktari wa polisi. "Ameanguka kinyumenyume, kisogo kikapasukia kwenye ukingo wa ngazi. Na mtazame mkono."

Mkononi mwa marehemu mlikuwa na vile vipokea sauti vya kuvaa kichwani, vya watu wa kazi za simu. Waya ulikuwa umenyofoka.

"Waliving'ang'ania wawili," akasema Inspekta. "Nani alitupigia simu?"

Konstebo Meshram, mtu mzima mwenye masharubu na digrii ya uhandisi, alitabasamu. "Hapo ndipo penye kituko, afande. Simu imepigwa kutoka hukuhuku chuoni. Sikiliza."

Akawasha rekodi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya Kiingereza laini kama siagi, isiyo na haraka. Ilitaja mtaa, jengo na ghorofa. Ikasema mtu amefariki. Kisha ikamalizia: "Samahani sana kwa usumbufu. Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

"Maiti imelala pale," Meshram akacheka, "na mwenzetu anamuuliza polisi kama anataka msaada mwingine!"

Inspekta hakucheka. Hofu humsahaulisha mtu mengi, lakini mazoea hayamtoki.

Juu, darasani, vijana wapatao ishirini walikaa na vyeti vyao vya chuo kikuu mapajani. Walikuja kwa Bhoyar kujifunza kuzungumza na wateja wa ng'ambo, ili kampuni za simu ziwachukue. Ukutani paliandikwa: MHITIMU LEO, MWAJIRIWA KESHO.

"Nani anaijua sauti hii?" Inspekta akawawekea rekodi.

Wote wakatazama sakafu.

"Labda ni redio, afande," akasema mmoja nyuma.

"Wewe una digrii ya nini?" Meshram akamdaka.

"Uhandisi."

"Hata mimi. Endelea na utani, utakuja kubeba maiti kama mwenzio."

Msaidizi wa marehemu alikuwa binti mwembamba, sari yake imefifia kwa kufuliwa. Alikuwa amehitimu biashara, na alikuwa pale kwa miaka minne.

"Jina lako?"

"Pranoti Ukey, afande." Hakusikika.

"Paza sauti, mwanangu. Mimi si chui."

"Pranoti Ukey."

"Umefika saa ngapi?"

"Kama wenzangu, afande."

"Miaka minne hapa. Wanaokuja nyuma yako wanapata kazi, wewe hupati. Kwa nini?"

"Bahati, afande," akajibu akivitazama vidole vyake vya miguu.

Mganga hajigangi, Inspekta akawaza. Akamwacha.

Kampuni iliyowachukua wengi wa vijana wa Bhoyar ilikuwa nje kidogo ya mji, jengo la vioo lenye baridi ya kuumiza meno. Bwana Pendharkar, msimamizi wa ajira, aliwakaribisha kwa mtindi wa chumvi. Inspekta akamwekea rekodi.

Pendharkar aliweka bilauri chini. "Huyu tena?"

"Unamjua?"

"Nimemwajiri mara tano. Usaili wetu wa kwanza ni wa simu. Alikuja na majina matano ya wasichana, yote kutoka kwa Bhoyar. Siku ya kuanza kazi anafika msichana mwingine. Hatukugundua, mpaka tulipoleta mashine ya kulinganisha sauti."

"Ikawaambia nini?"

"Mara ya sita alikuja kwa jina la Pranoti Ukey. Mashine ikapiga kelele: sauti hii imeshasikika. Tukamfungia milango. Na kampuni zote za mji huu tunapeana habari."

"Mlimwambia sababu?"

"Hatutoi sababu, mama."

"Na wale watano?"

Pendharkar akachezea kalamu. "Wanafanya kazi nzuri. Wateja wanawapenda. Nitawafukuza kwa kosa gani?"

Garini, Inspekta alifumba macho.

"Kitendawili, Meshram."

"Tega, afande."

"Ni changu, lakini wenzangu wanakitumia kuliko mimi."

"Jina! Hata mtoto anajua."

"Leo siyo jina. Leo ni sauti."

Kituoni walimkalisha Pranoti kwenye chumba cha mahojiano, askari wa kike pembeni. Alikana kila kitu kwa ile sauti yake ya kunong'ona. Hakupiga simu. Hakumwona mwalimu.

Inspekta alitoka na Meshram, wakaenda chumba cha pili, akapiga namba ya binti yule, simu ikiwa kwenye spika.

Kupitia kioo cha mlango alimwona akiitazama simu. Ikaita, ikaita. Askari akamwashiria apokee. Binti akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akatabasamu kwa ukuta.

"Habari za mchana, nikusaidie nini?"

Siagi ileile.

Akajishika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Usikate, mwanangu," akasema Inspekta. "Utakachosema kitaandikwa, na wakili utapata. Lakini kama unaweza kusema kwa simu tu, sema kwa simu."

Ile sauti nzuri ikaanza, taratibu, kana kwamba inamwelekeza mteja.

"Mwalimu aliniambia, wasemee wenzako kwanza, zamu yako itakuja. Nikawasemea. Zamu yangu ilipofika, nikakataliwa. Nikajaribu kwingine, nikakataliwa. Nilidhani nina kasoro. Nyumbani nikawaambia kasoro ni yangu. Baba akaacha kuniuliza."

"Asubuhi ya leo?"

"Nilikuja mapema kufagia. Mwalimu akaja na vipokea sauti. Akasema leo nimsemee mpwa wake, kazi ileile niliyoikosa. Akasema, 'Ila badilisha sauti kidogo, siku hizi wana mashine, ndiyo iliyokunasa wewe.'"

"Alikuwa anajua."

"Muda wote, afande. Ananiona nafagia, na anajua. Nilitoka, akanifuata ngazini, ananivisha vile vitu kichwani kwa nguvu. Anacheka. 'Acha maringo, Pranoti. Nani atakuajiri tena? Sauti yako inafaa kwa wenzako tu.' Nikavivuta. Akavuta. Nikamsukuma." Sauti ikapasuka kwa mara ya kwanza. "Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze."

Inspekta aliegemea ukuta. Miaka yote ya kazi alikuwa akingoja maneno haya, na kila yalipokuja hayakumpa raha yoyote.

"Yaandike yote, Meshram. Na yale ya mashine, na ya vipokea sauti. Hakimu ayasikie."

Meshram alikuwa anaandika huku kamasi zinamtiririka kwenye masharubu.

"Afande," Pranoti akaita simuni. "Wenzangu wale watano, watafukuzwa?"

Inspekta alifikiria kumdanganya. Akaona amechoka mno kudanganya.

"Hapana. Msimamizi anasema wanafanya kazi nzuri. Wateja wanawapenda."

Nyuma ya kioo, binti alishusha simu polepole mpaka mapajani. Alipojibu hakutumia simu tena. Ilikuwa sauti yake ya kijijini, nzito kidogo, na safari hii ilivuka ukuta ikasikika vizuri.

"Najua. Kila niliyemsemea nilikaa naye jioni mpaka akaweza mwenyewe. Niliogopa wataaibika."