Kofi la Kujaribia Maiki

Rafiki yangu, daktari wa meno asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, alikuwa peke yake nyumbani, mlango kaukomea, akiunganisha gemu la mtandaoni ili acheze na dada zake walio mbali. Ili kujaribu maiki, walikubaliana kila mmoja apige kofi moja la viganja kwa zamu.

"Mbona unapiga kabla hatujakwambia?" akauliza dada mkubwa.

"Sijapiga bado, dada."

"Acha utani wako. Tumelisikia, tena karibu kabisa."

Wakacheka, wakaulaumu mtandao. Mara umeme ukakatika, sauti zao zikapotea. Gizani akavua hedifoni. Ni mwangwi wa chumba tu, akajisemea, akainua mikono ahakikishe.

Viganja vyake vilikuwa bado havijakutana kofi lilipolia nyuma ya shingo yake.