Mikono ya Mama Kwenye Picha

Kila akitoka shule, Chiriku humwamkia mama yake, kisha hukaa kando ya cherehani na kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Jina hilo alipewa na wenzake wa sekondari kwa wingi wa maneno yake. Lakini wiki ile alikuwa kimya. Alikuwa akimchora mama kazini, kwa ajili ya mashindano ya uchoraji ya shule za sekondari.

Uso ulikubali. Cherehani ikakubali. Mikono ikagoma kabisa.

"Mbona imevimba hivi, imeng'atwa na nyuki?" mjomba wake, mchora mabango, alimtania. "Lete penseli, mpwa wangu."

Kufumba na kufumbua, mikono ikapendeza ajabu. Chiriku alijua sharti: kila mwanafunzi achore mwenyewe. Lakini alitamani mno picha yake ichaguliwe. Akaipeleka shule hivyo hivyo.

Darasani, mwalimu wa sanaa alitabasamu. "Mikono hii imenifurahisha! Kesho uilete tena, niipeleke kwa waamuzi."

Wenzake wakapiga makofi. Chiriku akatazama viatu vyake.

Jioni alimwonyesha mama. Mama aliangua kicheko mpaka akasimamisha cherehani. "Makubwa haya! Kucha ndefu, na pete juu! Si nitatoboa nguo za watu?"

Kumbe mjomba, kwa mazoea, alikuwa amechora mikono ya kwenye mabango ya saluni!

Chiriku alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akasema yote.

Mama hakumgombeza. Alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, akaweka mikono juu ya kitambaa. "Haya mwanangu, futa, uchore hii. Sitikisiki."

Mjomba naye, kwa aibu, akaleta kifutio kipya.

Asubuhi, Chiriku alimweleza mwalimu ukweli. Mwalimu aliitazama mikono mipya, minene kama viazi, akaipokea.

Siku ya mashindano, mwamuzi aliuliza, "Kidole hiki kimevaa nini?"

Chiriku akaeleza kastabini, sindano, pindo na vifungo, mpaka mwamuzi akainua mikono kuomba apumzike. Picha ikashika nafasi ya tatu.

"Umeona?" mwalimu alimwambia, akimfuta doa la penseli shavuni. "Kazi uliyoifanya mwenyewe huogopi kuulizwa."