Mche wa Sabuni Ndani ya Kitambaa Changu

"Fungua kitambaa chake! Sabuni iko humo!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Kabagwira.

Kabagwira wangu! Niliyemtafutia kazi kiwandani. Niliyesali naye rozari kila Alhamisi...

Habimana, mlinzi wa geti, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu. Akatoa kitambaa changu cha kichwa. Akakifungua.

Mche mzima wa sabuni, na karatasi yake!

Ilikuwa saa sita mchana. Kengele imelia, wafanyakazi wote wanatoka kwenda kula. Wote wakasimama.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Mama Umulisa? Yule wa kanisani?"

"Kumbe anasali na mikono inafanya kazi!"

Wakacheka.

Ndugu zangu mnaosoma, msinionee huruma bado. Huruma yenu itunzeni, kuna mtu ataihitaji huko mbele.

Mwaka ulikuwa 1992, hapa Kigali, kule Gikondo kwenye viwanda. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mombasa. Aliniachia Kiswahili hiki na binti mmoja, Umulisa, aliyekuwa anasoma kwa masista.

Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kutunza depo, yaani stoo ya sabuni. Miaka kumi na moja! Mche ukiingia, naandika kwenye kadi. Mche ukitoka kwenda sokoni Nyabugogo, naandika kwenye kadi. Hakuna siku kadi na rafu ziligombana.

Halafu akaja Eustache.

Eustache alikaa Ulaya miezi tisa, akarudi na tai tatu na cheo kirefu kuliko yeye mwenyewe: Mkuu wa Uzalishaji na Mitambo ya Habari. Alipita kiwandani amekunja pua, kama vile sisi ndio tunanuka, siyo mawese.

Alileta kompyuta. Akaiwekea feni, pazia na zulia. Depo yangu ilikuwa na taa moja, nayo inakonyeza.

Siku ya kuizindua, alichukua mche kutoka kwenye kalibu, bado una joto. Akauweka kwenye mzani.

"Gramu elfu moja kamili! Kompyuta haikosei!"

Akaufunga kwenye karatasi. Juu yake akaandika tarehe, gramu 1000, na sahihi yake yenye mikia kama ya tausi. Kisha akanitupia.

"Chukua, mama. Ukaoge. Unanuka zamani."

Kabagwira alicheka mpaka akashika mbavu.

Nikamwambia kwa heshima: "Shefu, sabuni ya leo ina maji ndani. Ikikaa kwenye rafu inakauka, uzito unapungua. Hesabu miche, usihesabu kilo."

"Wewe umesoma wapi?"

"Shule ya msingi, shefu."

"Basi wewe sali. Kufikiri tuachie sisi."

Haya. Nikasali.

Lakini ule mche sikuoga nao. Niliuweka kwenye droo pamoja na karatasi yake, kando ya Biblia yangu.

Wiki hiyohiyo alichukua kadi zangu, za miaka yote, akazitia kwenye tanuru la kuchemshia sabuni. Msomi huyo! Alipata moto wa nusu saa.

Miezi mitatu ikapita...

"Tani mbili zimepotea, mama! Umezipeleka wapi?"

Kompyuta ilikuwa imeambiwa kila mche ni kilo moja. Basi. Haikuambiwa lingine. Sabuni ilipopimwa wakati wa kutoka, imeshakauka, kilo hazikutosha. Kwa akili ya Eustache, kinachopungua kimeibwa. Na ufunguo wa depo anao nani? Mjane.

"Zimekwenda hewani, shefu," nikamjibu.

"Unanicheka?"

"Bado."

Akapiga meza. "Ijumaa saa sita unaondoka na vitu vyako. Jumatatu barua ya kukushitaki inakwenda kwa majandarume, polisi wakufuate!"

Nikamuwaza Umulisa darasani, anaitwa mtoto wa mwizi.

Mara tatu niliomba kumuona Direkta Nzeyimana, mwenye kiwanda. Alikaa Kiyovu, mtaa wa wakubwa, alikuja siku ya Ijumaa tu. Mara tatu Eustache alisimama mlangoni.

"Direkta haongei na watu wa shule ya msingi."

Sawa.

Sasa rudini getini, Ijumaa hiyo saa sita. Kiwanda kile kilikuwa na sheria ya zamani, ambayo Eustache aliikuta. Ukikamatwa na sabuni, geti linafungwa, Direkta anaitwa, sabuni inapimwa mbele ya wafanyakazi wote na kuandikwa kwenye kitabu cha mlinzi.

Direkta akaja. Eustache nyuma yake anakimbia, tai imeruka begani.

"Si nilikuambia, patroni? Mwizi! Sura ya kanisani, mkono wa depo!"

Direkta akaniangalia kwa huzuni. "Mama Umulisa... wewe?"

"Nimekutwa na sabuni, patroni. Ipimwe, kama sheria inavyosema."

Habimana akaweka mche kwenye mzani.

"Gramu mia nane na arobaini."

"Iandike," nikasema. "Na karatasi isome. Kwa sauti."

Habimana akainyoosha karatasi. Akasoma tarehe. Akasoma: "Gramu elfu moja." "Sahihi... Eustache."

Watu wote wakageuza shingo kumwangalia Eustache.

"Hii sahihi ni yako?" Direkta akauliza.

"Ndiyo, lakini... mzani mbovu huo!"

Ukaletwa mzani wa ofisini, ule wake mwenyewe. Mia nane na arobaini.

"Amekata kipande!"

"Wapi?" Direkta akaugeuza mche. Muhuri wa kiwanda ulikuwepo kila ncha. "Eustache, hizi gramu mia moja na sitini zimeibwa na nani?"

Mzee mmoja wa tanuru akashindwa kujizuia. "Upepo, patroni! Mkamate upepo!"

Geti zima likaangua kicheko. Eustache akabaki anarekebisha tai isiyohitaji kurekebishwa.

Hakufukuzwa. Ingekuwa rahisi mno. Alipangiwa mwezi mzima deponi, chini yangu, kupima miche ya kila umri na kuandika kwenye kadi. Kadi alizichora mwenyewe, kwa rula, mstari kwa mstari. Ukipinda, anarudia. Na kompyuta yake ikaanza kuulizwa swali jipya: mche huu una siku ngapi?

Kabagwira alikuja analia. "Dada, nisamehe..."

"Nimekusamehe. Tena asante kwa kelele."

Hakuelewa. Nanyi mnajiuliza nilisahauje mche kwenye mfuko siku ya kukaguliwa?

Sikusahau.

Asubuhi ile nilisubiri Kabagwira apite mlangoni mwa depo. Ndipo nikaufunga kwenye kitambaa, taratibu, mbele ya macho yake. Nilijua siri hiyo haitamkaa tumboni. Mlango wa Direkta ulifungwa, likabaki geti. Na getini nilihitaji mtu wa kupiga kelele.

Wakubwa wenye mashine zenu, sikilizeni: mashine inajua ulichoilisha, basi. Kabla hujamwita mtu mwizi, shika sabuni mkononi. Na anayekwambia jambo kwa heshima, msikilize siku hiyohiyo. Siku ya pili atakuja na mzani.

Mche nilirudishiwa. Nilifulia kitambaa changu.

Povu lilikuwa jingi sana.