Chakula Hakipimwi kwa Futi

Katika nyumba ile ya mafundi cherehani, kila kitu kilipimwa kwa futi. Mama alishona, wifi yake alikata. Mchana wifi huyohuyo alishika upawa, na chakula alikigawa kama kitambaa. Mwili mkubwa, sahani kubwa. Mwili mdogo, vijiko vitatu.

Bonge, mtoto wa wifi, alijaziwa. Sindano, binti wa mama, naye ana miaka minne kama Bonge. Yeye vijiko vitatu.

Sindano hasumbui. Anasinzia tu kwenye vipande vya nguo. Majirani wakamsifia: "Mtoto mtulivu huyo!" Kadi yake ya kliniki haikumsifia. Miezi mitatu, uzito uleule.

Asubuhi moja nesi, jirani yao, alikuja kuchukua sare yake. Akamkuta Sindano amelala.

"Jana tumempima, hana malaria wala minyoo," nesi akasema. "Anakula nini huyu?"

"Kiasi chake," wifi akadakia. "Hakimbii, habebi mzigo. Chakula kingi cha nini?"

Nesi akaonyesha pasi mbili za mkaa, kubwa na ndogo.

"Hizi pasi zinanyoosha nguo sasa hivi?"

"Zimepumzika."

"Na mkaa wake umepumzika?"

Wifi akachungulia ndani ya pasi kubwa.

"Unaungua," nesi akasema. "Mtoto naye hata akilala, moyo unapiga, ubongo unafanya kazi, mwili unatunza joto na kukua. Vyote vinataka chakula. Haya, pasi ipi inapoa haraka?"

"Ndogo," mama akajibu.

"Basi. Bonge ana mwili mkubwa, kwa jumla anatumia chakula kingi. Msimpunguzie. Lakini kilo moja ya mwili wa Sindano inatumia chakula kingi kuliko kilo moja ya mwili wako wewe mtu mzima, dada. Akikosa chakula, mwili unabana matumizi. Anasinzia, hakui. Huo siyo utulivu."

Mama akasimama.

"Wifi, nipe upawa."

"Hee! Jikoni kwangu?"

"Mkasi baki nao. Upawa nipe."

"Utampasua tumbo mtoto!"

"Tumbo lake dogo, kweli," nesi akasema. "Basi ale kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Uji utie karanga za kusaga. Mpe maharage, mayai, mboga, matunda."

Wifi alinuna wiki nzima. Mtaa mzima ukasikia amepinduliwa. Mama akapika uji wa saa nne mbele ya macho yake, huku akipiga mluzi.

Mwezi wa pili wa uji huo, Sindano alimwaga kopo la vifungo. Akapanda juu ya cherehani. Akampokonya Bonge mpira.

"Mtoto mtundu huyo!" majirani wakalalamika.

"Na bado!" mama akawajibu. Kwenye kadi, mstari wa uzito ulikuwa unapanda.

Siku ya kumpima gauni jipya, wifi alizungusha futi mara mbili.

"Kitambaa nilichokata hakitoshi."

"Kata kingine."

Chakula cha mchana kilipoiva, Sindano akainua sahani yake. "Shangazi, niongezee!"

Wifi akamtazama mama. Mama akamrudishia upawa.

"Jaza."