Kochi la Bibi Marsela

"Usinitolee macho, Mama Selina! Nimeona mwenyewe, sikusimuliwa!"

Felista alikuwa upande wake wa ua wa minyaa, kanga kaifunga kiunoni, kidole hewani. "Mzee wa watu anajichotea maji, mjukuu kakaa anachambua maharage! Ndivyo mnavyotunza wazee hapa?"

"Bibi ajichotee maji kwangu?" Mama Selina alitua kapu la vitunguu alilorudi nalo sokoni. "Dada Felista, leo umeota mchana."

"Niote nini! Hata kwenye mashine ya kusaga wanajua. Wanasema mkwe umemchoka mama mkwe wako."

Barazani, Selina aliinamia ungo wa maharage. Habari ya maji ilikuwa kweli, na aliyeisababisha alikuwa yeye.

Bibi Marsela, mama yake baba, alihamia Karatu mjini kutoka shambani Endabash baada ya mavuno. Kule alikuwa mtu wa jembe na kuni. Hapa mjini alipokewa kama mgeni wa harusi. Baba Selina, dereva wa watalii, alimnunulia kochi zuri lenye mito, likawekwa barazani. Chai ilimfuata hapo hapo, chakula kikamfuata, redio ikawekwa pembeni. Bibi akigusa tu mkono wa kochi ainuke, Mama Selina alikuwa ameshafika: "Aayo, kaa! Unataka nini nikuletee?" Aayo ni mama kwa Kiiraqw, na kwa Wairaqw mkwe mwema hamwachi mzee ainuke kutafuta kitu.

Ila miguu ya Bibi haikujua habari za heshima. Magoti yalikaza, vifundo vikavimba jioni, akaanza kushika ukuta kwenda chooni. Selina ndiye aliyemsindikiza zahanati. Nesi alimpima presha, akamkagua miguu, akamuuliza anashindaje. Bibi akamwambia, "Ninakaa." Nesi akauliza, "Na baada ya kukaa?" Bibi akacheka, "Ninakaa tena."

"Basi punguza kukaa, bibi yangu," nesi alisema. "Usikimbilie makubwa. Inuka mara kwa mara, tembea kidogo, ukichoka pumzika. Kesho ongeza kidogo."

Selina alipopeleka habari nyumbani, mama yake aliguna. "Huyo nesi hana mama mkwe? Nikimsimamisha mzee, mtaa mzima utanisema."

Bibi hakubishana. Lakini usiku ule alimnong'oneza mjukuu wake, "Siku ya kipaimara chako nataka nipande kile kilima cha kanisani kwa miguu yangu. Sitaki kupakiwa bodaboda kama gunia la mbegu. Utanisaidia?"

Ndipo wakatunga mbinu yao. Mama akienda sokoni, Selina aliusogeza mtungi wa maji mbali na kochi, na kila redio ilipoingia kwenye matangazo, Bibi aliinuka. Tangazo la sabuni, hadi mlangoni. Tangazo la mbolea, hadi kwenye minyaa. Muziki ukirudi, na yeye anarudi kukaa. Mama akikaribia kurudi, mtungi ulikuwa mahali pake na Bibi kwenye mito yake. Wote wawili walisahau kwamba ng'ambo ya minyaa kuna genge la Felista, na Felista hushinda juu ya kigoda chake, macho yake yakiwa barazani kwa watu.

"Selina!" Mama aligeuka, akaliona kochi tupu. "Bibi yuko wapi?"

"Ameenda kwa Mama Nashilu kuchukua maziwa."

Mama Nashilu, mwenyeji wa Endulen, aliuza maziwa mgando kona ya pili. Bibi alikuwa hajawahi kufika huko tangu ahamie.

"Nani kamtuma?"

"Amejituma."

Felista akapiga makofi. "Si mnasikia? Sasa anatumwa hadi dukani!"

Macho ya Mama Selina yalijaa machozi. Siku zote alikuwa akiamka wa kwanza na kulala wa mwisho ili mzee yule asikose kitu. "Kuanzia leo Bibi haondoki kwenye kochi," alisema. "Na wewe, Selina, utanieleza."

Selina aliweka ungo chini. Angeweza kunyamaza, lakini basi safari ya kilima cha kanisani ingekuwa imeishia hapo. "Mama, ni mimi. Mtungi ninausogeza mimi. Bibi anafanya alivyosema nesi, na sasa hashiki tena ukuta. Tulikuficha kwa sababu ungekataa. Nisamehe, ila usimrudishe kwenye kochi."

"Mtoto kafundishwa huyo," Felista alisema.

"Kafundishwa na nani?" sauti ilitoka njiani.

Ilikuwa ya Bibi Marsela. Alikuja polepole, mkono mmoja na fimbo, mkono wa pili na kidumu cha maziwa, jasho likimchuruzika usoni. Mama Selina alikimbia kumpokea.

"Niache, mwanangu, nifike mwenyewe." Akafika, akaegemea nguzo ya baraza, akavuta pumzi, akamgeukia mkwe wake. "Brigita, hakuna mkwe aliyenitunza kama wewe, na yeyote atakayesema vingine aje aniambie mimi. Lakini mwili wa mtu haukuumbwa kuwekwa. Nipeni heshima yangu, na miguu yangu niachieni. Na wewe Selina, jambo jema halifanywi kwa kujificha. Tungesema tangu mwanzo, mama yako asingetukanwa kwenye mashine ya kusaga. Kosa hilo ni langu pia."

Mama Selina alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Aayo, kilimani tutapanda wote. Nami nitakwenda mwendo wako."

Felista alianza kukunja kidole chake taratibu.

"Na wewe, Felista," Bibi aliendelea, "tangu asubuhi umeinuka juu ya hicho kigoda mara ngapi?"

"Mimi? Nimeinuka kuja kugombana, Bibi."

Wote wakacheka, Felista kuliko wote. "Kesho nitapita kwenye mashine niyarekebishe maneno yangu," alisema.

"Utayarekebisha ukiwa umeshiba," Bibi alimjibu. " Zunguka uje ndani, kuna makande na maziwa."

Felista alipoingia, Mama Selina aliruka kumtafutia kiti na kumpakulia. Bibi akamshika mkwe wake mkono kumzuia.

"Sufuria iko jikoni, Felista," alisema. "Karibu, nenda ukajipakulie."